Tangi la darini: displei ya tarakimu 4 inapepesa, kisha sensa inasoma sm 91 za uongo

FundiWaLangoni (Lamu)

Asalamu aleikum jamaani. Naomba mnisaidie na kipimo cha maji. Tangi liko juu ya dari, kipenyo cha ndani sm 108, maji yakijaa yanafika sm 110. Kila sentimita moja ni kama lita 9.16, kwa hiyo likijaa ni lita elfu moja na kidogo. Pampu inavuta kutoka birika la chini.

Vifaa: maikrokontrola ATmega328P ya 16 MHz (bodi ya Arduino Uno), HC-SR04 (sensa ya umbali kwa mwangwi wa sauti) juu ya mfuniko, DS18B20 kwa joto la hewa ndani ya tangi, displei ya tarakimu 4 ya sehemu saba, katodi ya pamoja (taa zote za tarakimu moja zina upande hasi mmoja), imeunganishwa moja kwa moja bila chipu ya kuiendesha. Sensa iko sm 130 kutoka sakafu ya tangi, yaani sm 20 juu ya maji yakijaa. Msimbo unapima urefu wa mwangwi kwa `pulseIn()`, unasoma joto, halafu unazungusha tarakimu (unaziwasha moja moja kwa zamu) ndani ya `loop()`, kitanzi kinachojirudia.

Tatizo: kila sekunde 5 tarakimu tatu zinazimika na moja inabaki inawaka kwa ukali, karibu sekunde nzima. Kisha zote zinarudi. Nimebadilisha resista na nyaya zote za bredibodi, hali ni ile ile.

NyukiWaMalindi (Malindi)

Waaleikum salaam kaka. Waya huna kosa nao. Hesabu muda wa huko kuzimika, utakuta ni milisekunde 750. DS18B20 ikiwa kwenye biti 12 hutumia hadi ms 750 kubadilisha joto kuwa namba, na maktaba yake ya kawaida husimama kumsubiri. Wakati huo `loop()` imeganda, hakuna anayezungusha tarakimu, na ile iliyokuwa zamu yake inabaki peke yake ikiwaka muda wote. Ndiyo maana inakuwa kali.

Mambo mawili. Kwanza weka `setWaitForConversion(false)`, amuru sensa ianze, endelea na kazi nyingine, rudi baadaye uchukue jibu. Pili, shusha hadi biti 9. Hapo hatua ni nusu digrii na muda unashuka hadi kama ms 94. Nusu digrii kwenye kasi ya sauti ni asilimia 0.09 tu, yaani milimita moja kwa umbali wa sm 130. Biti 12 hazikupi kitu hapa.

Lakini hata ukifanya hayo, `pulseIn()` nayo inasimamisha kila kitu. Kwa sm 120 inasubiri ms 7 hivi, na mwangwi usiporudi inaweza kukaa zaidi. Kwa hiyo toa displei ndani ya `loop()` kabisa, mpe Taimeri 2.

```
TCCR2A = (1 << WGM21);
TCCR2B = (1 << CS22) | (1 << CS20);
OCR2A  = 249;
TIMSK2 = (1 << OCIE2A);
```

16,000,000 (kasi ya chipu) gawa kwa 128 (kigawanyi cha taimeri) ni 125,000. Gawa tena kwa 250 unapata interapti (taimeri kuukatiza msimbo kidogo ifanye kazi yake) 500 kwa sekunde. Tarakimu 4, kila moja inarudi mara 125 kwa sekunde, na jicho halioni kupepesa. Ndani ya interapti fuata mpangilio huu: zima tarakimu zote, badilisha sehemu, ndipo uwashe tarakimu inayofuata. Ukibadilisha sehemu kabla ya kuzima, utaona kivuli hafifu cha namba ya jirani.

Na kwa sensa tumia Taimeri 1 kunasa mwangwi. Peleka pini ya mwangwi kwenye pini 8 ya Uno (ICP1). Taimeri yenyewe inaandika muda kwenye ICR1 papo hapo mwangwi unapopanda au kushuka, bila kujali msimbo uko wapi.

```
TCCR1A = 0;
TCCR1B = (1 << ICNC1) | (1 << ICES1) | (1 << CS11);
TIMSK1 = (1 << ICIE1);

ISR(TIMER1_CAPT_vect) {
  if (TCCR1B & (1 << ICES1)) {
    mwanzo = ICR1;
    TCCR1B &= ~(1 << ICES1);
  } else {
    muda = ICR1 - mwanzo;
    TCCR1B |= (1 << ICES1);
    tayari = 1;
  }
  TIFR1 = (1 << ICF1);
}
```

Ule mstari wa mwisho usiuache. Ukibadilisha upande wa kunasa, bendera ya ICF1 (alama kwamba ukingo umenaswa) inaweza kusimama yenyewe, nawe utapata interapti ya uongo. Inafutwa kwa kuandika 1, si 0.

BahariMbili (Shela)

Naongeza kwa msomaji atakayenakili: `TCCR1A = 0` si pambo. Mazingira ya Arduino huziwasha Taimeri 1 na 2 katika hali ya PWM (mapigo ya kupunguza nguvu ya pini) kabla hata `setup()` yako haijaanza. Usipofuta rejista ile, unaongeza biti zako juu ya za watu.

Kosa lingine ni kunakili biti za kigawanyi kutoka taimeri moja kwenda nyingine. CS 101 kwenye Taimeri 2 ni kugawa kwa 128. Biti hizo hizo kwenye Taimeri 1 ni kugawa kwa 1024. Taimeri 2 ina 32 na 128 ambazo wenzake hawana, kwa hiyo jedwali lake limesogea. Hali ya CTC (taimeri kurudi sifuri ikifika namba uliyoipanga) nayo: ya Taimeri 2 (WGM21) iko TCCR2A, ya Taimeri 1 (WGM12) iko TCCR1B. Ukiikosea, taimeri inazunguka hadi mwisho wake na hesabu zako zote zinakuwa za mahali pengine.

Ukichukua taimeri hizi mbili unapoteza PWM ya pini 9, 10, 3 na 11, pamoja na `tone()` na maktaba ya Servo. Taimeri 0 usiiguse, ndiyo yenye `millis()` na `delay()`.

Kaka FundiWaLangoni, resista zako ziko wapi, kwenye sehemu au kwenye katodi?

FundiWaLangoni

Ziko kwenye katodi, nne tu, omu 220. Na katodi zinaingia moja kwa moja kwenye pini.

BahariMbili

Hapo badilisha kabla ya kuendelea. Resista ikiwa kwenye katodi, tarakimu 1 yenye sehemu mbili inawaka sana na 8 yenye sehemu saba inafifia, kwa sababu mkondo mmoja unagawanywa. Weka resista 8, moja kwa kila sehemu pamoja na nukta. Kwa omu 220 na taa nyekundu inayokula volti 2, kila sehemu inavuta karibu mA 13.6. Nane zikiwaka pamoja ni mA 109 kupitia katodi moja. Pini ya ATmega328P mwisho wake kabisa ni mA 40, na huko ni mahali pa kuharibika, si pa kufanyia kazi. Tia transista ya NPN kwa kila katodi, BC337 au 2N2222, besi kupitia kiloomu 1. Au ULN2003 moja imalize kazi zote nne.

MwanaMkomani (Lamu)

Kwa nini kuhangaika hivi? Moduli ya displei ya TM1637 ina waya mbili za ishara, na chipu yake inazungusha tarakimu yenyewe. Hata msimbo ukiganda, namba zinabaki.

NyukiWaMalindi

Kweli kabisa dada, na kama kifaa ni cha kuonyesha tu, ningeichagua hiyo. Angalia kapasita zilizo kwenye CLK na DIO, moduli nyingi zina nanofaradi 10. Zinafanya ishara ipande polepole, ukituma kwa kasi inaonyesha takataka. Lakini hapa kuna pampu. Displei ikitulia, kuganda kwa msimbo kutakuwa kumefichwa tu. Ningetaka kuganda kuondoke kwanza.

FundiWaLangoni

Nimefanya yote: transista 4, resista 8, Taimeri 2 kwa displei, Taimeri 1 kwa mwangwi. Kupepesa kumekwisha kabisa, mwanga uko sawa kwa namba zote. Shukrani.

Sasa limezuka jingine. Alfajiri, tangi limejaa, kipimo kinaruka na kusema umbali ni sm 91, wakati mwingine 92. Maji yanaonekana ni sm 39. Pampu nimeipanga iwake chini ya sm 40, kwa hiyo inawaka juu ya tangi lililojaa na maji yanamwagika. Kwa `pulseIn()` haikuwahi kutokea. Mchana haitokei.

NyukiWaMalindi

Mchana haitokei, alfajiri inatokea: umande. Matone yamekaa kwenye macho ya sensa, mwangwi haurudi. Chuja: pima mara 7, achanisha kila pimo na lingine kwa ms 60 ili mwangwi wa zamani ufe, panga, chukua la katikati.

BahariMbili

Sheikh, kuchuja hakutamponya. Matone yakikaa, mapimo yote 7 yatasema 91, na la katikati litakuwa 91. Swali ni kwa nini 91 na si namba nyingine.

HC-SR04 nyingi zisipopata mwangwi hushikilia pini juu kwa ms 38 hivi, kisha huiachia. Taimeri 1 kwa kigawanyi cha 8 inahesabu kila nusu maikrosekunde. Hesabu 65,536 zinaisha kwa ms 32.768, halafu inaanza sifuri. 38 toa 32.768 ni ms 5.232. Zidisha kwa kasi ya sauti ya nyuzi 30, mita 349.5 kwa sekunde, gawa kwa mbili kwa sababu sauti inakwenda na kurudi: sm 91.4. Sensa inasema "sikupata kitu", taimeri inazunguka mara moja, msimbo unasoma "sm 91". `pulseIn()` ilikuwa inatoa mita 6 na ushee, na hiyo ulikuwa unaitupa kwa kuwa ni ndefu kuliko tangi.

Dawa ni kigawanyi cha 64:

```
TCCR1B = (1 << ICNC1) | (1 << ICES1) | (1 << CS11) | (1 << CS10);
```

Hesabu moja sasa ni maikrosekunde 4, sawa na mm 0.7. Taimeri inajaa baada ya ms 262, kwa hiyo ms 38 zinabaki ms 38, hesabu 9,500. Umbali wa sm 150 ni hesabu 2,146. Chochote kinachozidi 2,150 ni batili, kitupe. Ule usahihi wa nusu maikrosekunde haukuwa na faida, maji yenyewe hayatulii milimita moja.

Kugeuza kuwa milimita bila desimali: `((uint32_t)muda * 179) >> 8`. Usiache `uint32_t`. Bila hiyo, hesabu 367 tu zinatosha kuvuka 65,535, yaani kuanzia sm 26 namba zinaharibika.

NyukiWaMalindi

Umesema kweli, kigawanyi cha 8 nilikitoa mimi na sikuhesabu muda wa mwangwi uliokosekana. Atakayesoma juu atumie hiki cha 64. Kuchuja kubaki, kwa ajili ya mawimbi maji yanapoingia tu.

BahariMbili

Bado mambo matatu kwenye msimbo ule.

`muda` ni biti 16, na chipu ni ya biti 8. `loop()` inausoma kwa vipande viwili. Interapti ikiingia katikati, unapata nusu ya namba ya zamani na nusu ya mpya. Ikitoka 0x00FF kwenda 0x0100, unaweza kusoma 0x01FF au 0x0000, na itakutokea mara moja kwa siku mbili, wakati huangalii. Tangaza `volatile`, kisha zima interapti, nakili, washa:

```
uint8_t hali = SREG;
cli();
uint16_t nakala = muda;
SREG = hali;
```

La pili, kabla ya kila pigo la kuamsha sensa (maikrosekunde 10), rudisha ICES1 kuwa 1 na ufute ICF1. Ukingo mmoja ukipotea, interapti itakuwa inasubiri kushuka wakati ingepaswa kusubiri kupanda, na kuanzia hapo itapima kimya kati ya mapigo.

La tatu ndilo linalomwaga maji. Mapimo 5 mfululizo yakiwa batili, displei ionyeshe vistari vinne na pampu izimwe. Usibakize namba ya mwisho kwenye displei. Mtu wa nyumbani akiona 108 ataamini 108.

MwanaMkomani

Na swichi ya boya. Hata msimbo uwe mzuri namna gani, weka boya la kawaida juu ya tangi, mfululizo na koili ya kontakta (swichi kubwa ya sumaku inayowasha pampu). Maji yakifika juu, boya linakata bila kuuliza maikrokontrola. Kazi ya kuzuia mafuriko isiachiwe programu.

Pampu yenyewe usiiwashe kwa reley ndogo ya moduli ya ampea 10. Mota ya kilowati 0.75 inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na ncha za reley huungana zikabaki zimefunga. Reley ndogo iwashe koili ya kontakta, kontakta ndiyo iwashe pampu. Sambamba na koili hiyo weka kapasita ya nanofaradi 100 aina ya X2 na resista ya omu 100 kwa mfululizo, la sivyo kila ikizimika cheche yake itaivuruga displei au kuiwasha upya bodi.

Kuwaka na kuzima kusiwe kwenye namba moja. Iwake chini ya sm 40, izime kwa sm 105.

FundiWaLangoni

Vistari na boya vimeingia. Kigawanyi cha 64 kimemaliza ile 91: alfajiri sasa inaonyesha vistari badala ya uongo. Lakini vistari kila alfajiri navyo ni adha. Na nyavu za macho ya HC-SR04 zimeshaanza kutoa kutu. Nibadilishe sensa gani? Pia nataka displei iwe chini karibu na daka, waya kama mita 14.

NyukiWaMalindi

HC-SR04 haikutengenezwa kukaa juu ya maji. Chukua JSN-SR04T, ile yenye jicho moja lililofungwa na bodi pembeni. Inaendeshwa vile vile, msimbo haubadiliki sana. Tofauti kubwa ni kwamba jicho moja linatuma na kupokea, hivyo karibu yake haioni, hesabu sm 25. Wewe una sm 20 tu maji yakijaa. Inua sensa sm 10, iwe sm 140 kutoka chini, na ubadilishe namba kwenye msimbo. Usiinue kwa bomba jembamba: mlango wa bomba unarudisha mwangwi wake na utasoma umbali ule ule milele. Tumia bomba la mm 160 au fremu iliyo wazi. Jicho litazame chini sawasawa, lisielekee ukuta wa tangi wala mkondo wa maji yanayoingia. Matone yataning'inia bado, ila uso ni laini, mengi hudondoka yenyewe.

Waya wa jicho la JSN usiurefushe. Ishara inayorudi pale ni dhaifu mno.

MwanaMkomani

Kuna wanaoacha sauti kabisa wakatumia shinikizo: mrija wa hewa unashuka hadi chini ya tangi, juu yake sensa ya MPX5010. Umande haumsumbui.

BahariMbili

Kwa tangi hili MPX5010 haitoshi. Mwisho wake ni kPa 10, na maji ya sm 110 ni kPa 10.8. Sentimita 8 za juu hutaziona, nazo ndizo za muhimu. MPX5050 inafika kPa 50, lakini inatoa mV 90 kwa kPa, sawa na mV 8.8 kwa sentimita. ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ya biti 10 kwa volti 5 ina hatua za mV 4.88, hivyo hupati hata hatua mbili kwa sentimita moja. Inatumika, ila kwa wastani wa mapimo mengi. Na hewa ya mrijani huyeyuka majini polepole, kipimo kinashuka siku hadi siku mpaka uupulize tena. Mimi ningebaki na JSN.

Kwa zile mita 14, usipeleke pini ya mwangwi hadi chini. Weka maikrokontrola ya pili, Pro Mini ya volti 5, karibu na tangi. Ipime, ichuje, itume namba tayari kwa RS-485 (mawasiliano ya jozi ya waya kwa umbali mrefu): chipu ya MAX485 moja juu, moja chini, jozi moja ya waya wa mtandao iliyosokotwa, boodi 9600. Tuma baiti 4: baiti ya kuanzia, mbili za milimita, moja ya jumla ya ukaguzi. Chini ikikosa ujumbe kwa sekunde 10, vistari na pampu izimwe. Redio ya Wi-Fi kwenye kuta nene za mawe na chokaa za mjini utaipata chumba hiki na kuikosa kile, waya hausumbui.

Umeme wa juu peleka volti 12 kwa jozi nyingine, ushushe hadi 5 pale pale. Na kwa kuwa stima yetu hushuka kabla ya kukatika, panga kizuizi cha volti ya chini cha chipu kiwe 4.3. Uno huja na 2.7, na kwa 16 MHz chipu inahitaji karibu volti 3.8. Kati ya hizo mbili inaendesha msimbo bila uhakika, na reley iko mkononi mwake.

FundiWaLangoni

Na chumvi? Boksi liko juu, upepo wa kusi unalipiga uso kwa uso.

MwanaMkomani

Lehemu kila kitu kwenye bodi, bredibodi na viunganishi vya kuchomeka visipande darini. Safisha mabaki ya fluksi kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke kabisa, ndipo upake vanishi ya akriliki ya bodi, mara mbili, pande zote. Ukipaka juu ya fluksi umefungia unyevu ndani. Skrubu za terminali zifunike kwa utepe kwanza. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, shaba tupu huingia kijani ndani ya ngozi yake hata mahali usipopaona.

Boksi la IP65, nyaya ziingie kutoka chini, kila waya ufanye kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ili maji yadondoke hapo. Toboa tundu la mm 3 upande wa chini. Boksi lililozibwa kabisa hupumua kupitia nyaya joto linapobadilika, na unyevu ukishaingia hauna pa kutokea.

DS18B20 tumia ile ya ganda la chuma kisichoshika kutu, resista ya kiloomu 4.7 kati ya data na volti 5. Ikikuletea nyuzi 85 kamili, hilo ni jibu la kuwashwa upya kabla haijapima, litupe. Ukilitumia, kasi ya sauti inakuwa mita 383 na umbali unazidi kwa asilimia 9.5.

FundiWaLangoni

Nyuzi 85 nimeziona mara mbili nikadhani jua la darini. Bodi ya juu naanza kuilehemu, JSN itakaa sm 140. Nikishaunganisha RS-485 nitaweka msimbo mzima hapa.